Kutoka Mizani hadi Kauli ya Mgonjwa: Historia ya Utafiti wa Kitabibu kuhusu Upasuaji wa Kupunguza Matiti

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia jinsi utafiti wa kitabibu kuhusu upasuaji wa kupunguza matiti ulivyobadilisha kipimo chake cha ufanisi. Hoja inayotetewa ni kwamba kwa sehemu kubwa ya historia hiyo kilichopimwa ni nyama iliyoondolewa na ngozi iliyosalimika. Maumivu ya mwanamke mwenyewe yaliingia katika ushahidi kwa kuchelewa, hasa baada ya kampuni za bima za Marekani kuigeuza gramu kuwa sharti la kulipia matibabu. Mkazo umewekwa katika miaka ya 1991 hadi 2009, ambamo mgongano huo ulijitokeza waziwazi.

Titi la Plymouth

Kwa miongo mingi vitabu vya upasuaji rekebishi, yaani upasuaji wa kurekebisha maumbile ya mwili, vilimtaja Mwingereza Will Durston kuwa mtu wa kwanza kupunguza matiti ya mwanamke kwa kisu, na mwaka uliotajwa ulikuwa 1669. Mwaka 1974 Letterman na Schurter waliirudia taarifa yenyewe ya Durston, iliyochapishwa katika jarida la Philosophical Transactions la London, wakaonyesha kuwa hakuna upasuaji wa kupunguza matiti uliofanyika. Taarifa inamhusu mwanamke wa Plymouth ambaye matiti yake yalivimba ghafla kupita kiasi. Mwanamke huyo alifariki. Titi lake la kushoto lilikatwa baada ya kifo, likawekwa kwenye mizani, likaonekana kuwa na uzito wa pauni 64, takriban kilo 29.

Kosa hilo liliishi muda mrefu kwa sababu ya kawaida kabisa: waandishi walinakiliana bila kurudi kwenye chanzo. Hata hivyo, linamfundisha mwanahistoria jambo jingine zaidi ya uzembe wa wanukuzi. Kilichosalia katika kumbukumbu za fani kuhusu mwanamke huyo ni namba ya mizani. Kwa zaidi ya karne tatu namba ya aina hiyo ndiyo iliyoendelea kubeba uzito wa hoja, pale hata ambapo swali lililopaswa kuulizwa lilikuwa jingine.

Rekodi ya zamani zaidi kuhusu kupunguza matiti haikuwahusu wanawake hata kidogo. Paulo wa Aegina, tabibu Myunani wa karne ya 7, alieleza namna ya kuondoa matiti yaliyoota kwa mwanamume, na sababu aliyoitoa ni kwamba hali hiyo humletea mhusika aibu ya kufananishwa na mwanamke. Aibu ya mwanamume ilitosha kuwa sababu ya matibabu bila ya kuhitaji kupimwa. Maumivu ya mwanamke, kama itakavyoonekana, yalitakiwa yathibitishwe kwa gramu.

Uhai wa chuchu

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa Ufaransa, wakiwemo Pousson (1897) na Morestin, walianza kukata sehemu ya titi lenye afya kwa nia ya kulipunguza, wala si kwa ajili ya kuondoa uvimbe wa saratani. Ganzi na nusukaputi zilikuwa zimekwisha kuingia katika vyumba vya upasuaji, na usafi wa vyombo ulikuwa umepunguza vifo. Tatizo lililobaki lilikuwa la damu.

Titi hupata damu kutoka pande kadhaa: matawi ya mshipa unaopita nyuma ya kingo za mfupa wa kidari, matawi yanayotoka upande wa kwapa, na mishipa midogo inayochomoza kati ya mbavu. Daktari anapopunguza titi hana budi kuihamishia chuchu juu zaidi, na kila anapokata ili kuihamisha hukata pia njia mojawapo ya damu inayoilisha. Akikata kwa woga, titi hubaki zito na lililolegea. Akikata kwa ujasiri, chuchu hugeuka nyeusi na kufa siku chache baadaye. Historia ya ufundi wa upasuaji huu, tangu wakati huo hadi leo, ni historia ya namna mbalimbali za kutoka katika mtego huo.

Max Thorek wa Chicago alitoa jibu kali mwaka 1922: aliiondoa chuchu kabisa, akapunguza titi, kisha akaipandikiza chuchu mahali pake papya kama kipande cha ngozi. Njia hiyo ilipunguza hofu ya titi kubwa mno, lakini ilikata mirija yote ya maziwa na mishipa yote ya fahamu iliyofika kwenye chuchu. Hermann Biesenberger wa Vienna, mwaka 1928, alichagua kuichuna ngozi kutoka kwenye tezi, kuikata tezi upande wa nje, kuisokota iwe umbo la koni, na kuivika ngozi upya. Umbo lilipendeza. Hatari yake ilikuwa kwamba ngozi na tezi, zilizozoea kulishana damu, zilitenganishwa kwa eneo kubwa, na mojawapo ingeweza kufa. Miaka miwili baadaye Emil Schwarzmann, naye wa Vienna, alitambua kuwa tabaka la chini la ngozi linaloizunguka chuchu lina mtandao wa mishipa midogo. Akaliacha tabaka hilo bila kulikata, akiondoa utando wa juu tu. Wazo hilo la Schwarzmann, ambalo kwa juu juu linaonekana dogo, ndilo lililozaa karibu kila mbinu iliyofuata.

Taarifa za kipindi hiki zina sura moja. Daktari anaeleza mbinu yake, anachora mchoro, anaweka picha za kabla na baada, na kutaja ni chuchu ngapi zilizopotea. Hakuna kundi linganishi, na mara nyingi hakuna hata ufuatiliaji wa mwaka mmoja. Mgonjwa anatajwa kwa umri wake na kwa ukubwa wa matiti yake. Ingekuwa si haki kuwalaumu waandishi hao kwa viwango vya karne yetu, kwa kuwa majaribio ya nasibu hayakuwa yamezoeleka katika tawi lolote la tiba kabla ya miaka ya 1940. Lakini hata kwa viwango vya wakati wao, walichokiita matokeo mema kilikuwa ni kupona kwa jeraha. Kupona kwa mtu hakukuandikwa.

Shule ya Uingereza na njia ya Kilimanjaro

Vita Kuu ya Kwanza viliigeuza taaluma ya upasuaji rekebishi kuwa fani kamili. Harold Gillies aliitibu maelfu ya nyuso zilizoharibiwa na risasi katika hospitali ya Sidcup, na binamu yake wa mbali kutoka New Zealand, Archibald McIndoe, alipata umaarufu katika vita vya pili kwa kuwatibu marubani walioungua huko East Grinstead. Mwaka 1939 wawili hao walichapisha makala ya pamoja kuhusu upasuaji wa matiti yaliyokua kupita kiasi. Mwaka 1958 McIndoe, safari hii pamoja na Mmarekani Tom Rees, alitoa makala nyingine katika British Journal of Plastic Surgery kuhusu sababu za kufanya upasuaji huo, mbinu na madhara yake. Njia aliyoiamini McIndoe ilikuwa ile ya Biesenberger, na kwa heshima aliyokuwa nayo njia hiyo ilidumu Uingereza baada ya wengine kuanza kuitilia shaka.

Majina hayo mawili ya makala ya 1958 hayapaswi kumpita msomaji wa Afrika Mashariki. McIndoe, Rees na Michael Wood, wote madaktari wa upasuaji rekebishi, ndio walioasisi mwaka 1957 huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege ambayo leo inajulikana kama AMREF, na mpango wake ulizaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wagonjwa waliowalenga hapa walikuwa wenye makovu ya moto, midomo iliyopasuka na majeraha ya wanyama. Ni mikono ileile iliyokuwa ikiandika kuhusu matiti mjini London. Mgawanyo huu wa kazi, yaani tiba ya dharura huku na tiba ya kero za mwili kule, ulionekana wa kawaida mno kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kuutolea sababu. Swali la kama mwanamke anayebeba kuni na ndoo kwa matiti ya kilo kadhaa ana kero au ana ugonjwa halikuwa na mtu wa kuliuliza.

Violezo na vikonyo

Mwaka 1956 Robert Wise, daktari wa Marekani, alichapisha taarifa ya awali kuhusu namna ya kupanga upasuaji huu kabla ya kisu kugusa ngozi. Alitazama jinsi mafundi wa sidiria wanavyokata kitambaa bapa ili kikishonwa kiwe kikombe, akatengeneza kiolezo chenye umbo la tundu la ufunguo ambacho huchorwa kifuani mgonjwa akiwa amesimama au ameketi. Kovu linalobaki hufanana na nanga: duara kuzunguka chuchu, mstari unaoshuka chini, na mstari mrefu katika mkunjo wa chini ya titi. Kiolezo hicho kilimwezesha daktari wa kawaida kupata matokeo ambayo awali yalitegemea jicho la msanii.

Jan Olof Strömbeck wa Sweden aliunganisha mpangilio wa aina hiyo na wazo la Schwarzmann mwaka 1960. Aliiacha chuchu ikining'inia kwenye daraja la tishu lenye mizizi pande mbili, kushoto na kulia. Tangu hapo ushindani ulikuwa juu ya kikonyo, yaani shina la tishu linalobeba damu na fahamu hadi kwenye chuchu: kipitie upande gani? McKissock (1972) alikipitisha wima, juu na chini. Ribeiro wa Brazil (1975), Robbins, na Courtiss pamoja na Goldwyn (wote 1977) walikata sehemu ya juu na kubakiza ya chini, njia ambayo ikawa chaguo la wengi Marekani. Lassus wa Ufaransa, Lejour wa Brussels na Hall-Findlay wa Kanada (1999) walikwenda kinyume, wakibakiza sehemu ya juu au ya ndani na kuuondoa ule mstari mrefu wa chini ili kovu libaki duara na mstari mmoja tu.

Katikati ya mbio hizo za ufundi kulitokea utafiti ambao hadhi yake imepuuzwa. Mwaka 1976 Courtiss na Goldwyn walipima hisia za matiti kabla na baada ya upasuaji. Mwaka 1993 Slezak na Dellon, kwa vifaa vya kupimia mguso, walionyesha kuwa matiti makubwa sana yana hisia hafifu hata kabla ya kisu, jambo linaloelezwa kwa kuvutwa kwa mishipa ya fahamu na uzito wenyewe. Hadi hapo ilikuwa imezoeleka kudhani kwamba mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji akiwa na kitu kizima na kutoka akiwa amepungukiwa. Tafiti hizi zilihoji mwanzo wa hesabu: hali ya kabla ya upasuaji nayo ilikuwa upungufu.

Gramu inageuka sharti

Kufikia miaka ya 1980, upasuaji wa kupunguza matiti ulikuwa umeenea Marekani kiasi cha kuwatia wasiwasi walipaji. Bima za afya zilikubali kulipia tiba na kukataa kulipia urembo, na upasuaji huu ulikaa mpakani. Baadhi ya kampuni ziliweka kanuni rahisi ya gramu 500 kwa kila titi: ukiondolewa pungufu ya hapo, ulikwenda kutafuta urembo. Kanuni hiyo haikutofautisha mwanamke mfupi mwembamba na mwanamke mrefu mnene, ingawa gramu 400 kwenye kifua cha kwanza zinaweza kuwa mzigo mkubwa kuliko gramu 700 kwenye cha pili.

Paul Schnur na wenzake walikusudia kurekebisha dhuluma hiyo walipochapisha utafiti wao mwaka 1991. Walikusanya kutoka kwa madaktari wa upasuaji rekebishi takwimu za kimo, uzito na gramu zilizoondolewa kwa mamia ya wanawake, wakakokotoa eneo la uso wa mwili wa kila mmoja, na kuchora uhusiano kati ya eneo hilo na gramu. Kisha waliwataka madaktari hao wakadirie ni sehemu gani ya wagonjwa wao ilitafuta upasuaji kwa ajili ya urembo tu, na sehemu gani kwa sababu za kiafya. Kutokana na makadirio hayo zilichorwa mistari miwili. Mwanamke aliyeondolewa gramu zinazomweka chini ya asilimia 5 ya kundi la wenye mwili kama wake alihesabiwa kuwa wa urembo. Aliye juu ya asilimia 22 alihesabiwa kuwa mgonjwa. Walio katikati walikuwa na sababu mchanganyiko.

Inafaa kusimama hapa, kwa kuwa mantiki yote ya mjadala uliofuata imo katika hatua hii. Mistari hiyo haikutokana na dalili za wagonjwa. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyeulizwa kama shingo inamuuma. Kilichopimwa kwa mizani ni tishu, na kilichokadiriwa ni dhana ya daktari juu ya nia ya mgonjwa. Viwili hivyo vilipounganishwa katika jedwali lenye desimali, vilipata sura ya sayansi asilia. Utafiti wa Schnur ulikuwa wa uaminifu na ulieleza wazi mbinu zake. Tatizo ni kwamba jedwali husafiri mbali kuliko maelezo yake. Kampuni za bima zililichukua, zikauweka mstari wa asilimia 22 kuwa mlango, na mwanamke aliyekuwa na maumivu ya miaka kumi akajikuta nje kwa upungufu wa gramu chache.

Kulikuwa na athari mbili zisizotarajiwa. Kwanza, gramu halisi hujulikana baada ya upasuaji, si kabla. Hivyo idhini ilitolewa kwa makadirio, na daktari aliyeondoa pungufu ya alichoahidi angeweza kumwacha mgonjwa wake na deni. Kanuni ya namna hiyo humshawishi daktari kukata zaidi ya anavyoona inafaa, na hakuna kanuni ya tiba inayopaswa kuwa na ushawishi huo. Pili, kwa kuwa kipimo hupanda pamoja na eneo la mwili, mwanamke mnene alitakiwa kutoa gramu nyingi zaidi ili aonekane mgonjwa. Aliyeambiwa apungue kwanza, na akapungua, mara nyingine matiti yake yalipungua pamoja naye bila maumivu kuondoka.

Schnur mwenyewe alilirudia suala hili katika makala ya 1999 na kupinga jedwali lake kutumiwa kuwa kigezo cha bima. Ni nadra kwa mwandishi kuandika dhidi ya matumizi ya kazi yake iliyonukuliwa kuliko zote. Jedwali liliendelea kutumika.

Wanawake wanaulizwa

Jibu la kisayansi lilitoka katika utafiti uliojulikana kwa kifupi cha BRAVO, ulioongozwa na Dale Collins na Carolyn Kerrigan nchini Marekani na kuchapishwa kwa sehemu mwaka 2001 na 2002. Tofauti yake na yaliyotangulia ilikuwa ya muundo. Wanawake waliosubiri upasuaji walilinganishwa na wenye matiti makubwa wasioutafuta na wenye matiti ya kawaida. Wote walijaza madodoso ya maumivu na ya afya kwa jumla yaliyokuwa yamekwisha kuthibitishwa katika magonjwa mengine. Kwa mara ya kwanza mzigo wa matiti makubwa ungeweza kusemwa kwa lugha ileile inayosemea ugonjwa wa viungo au wa mgongo.

Matokeo yalikuwa mazito kwa upande wa sera. Sidiria maalumu, mazoezi ya viungo, dawa za maumivu na kupunguza uzito havikuwapa wanawake hao nafuu ya kudumu, ilhali upasuaji uliwapa. Aidha, ukubwa wa kikombe cha sidiria, uzito wa mwili na gramu zilizoondolewa havikutabiri nani atakayenufaika. Kerrigan na wenzake walipendekeza kigezo kingine cha ulazima wa tiba: mwanamke awe na angalau dalili 2 kati ya 7, muda wote au muda mwingi. Dalili hizo ni maumivu ya sehemu ya juu ya mgongo, ya shingo, ya mabega na ya mikono, ganzi, upele wa ngozi, na mifereji inayochimbwa mabegani na mikanda ya sidiria. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji mizani.

Wapinzani wangeweza kusema, na si bila haki, kuwa mwanamke aliyekwisha kuamua kupasuliwa atajieleza vizuri baadaye ili kuhalalisha uamuzi wake. Pingamizi hilo lilihitaji jaribio la nasibu. Ugumu wake uko wazi: hakuna upasuaji wa kuigiza unaoweza kumfanya mwanamke asijue kama matiti yake yamepunguzwa. Iwuagwu na wenzake huko Hull, Uingereza, walipata njia ya kati kwa kuitumia foleni iliyokuwepo tayari. Wanawake 73 waligawanywa kwa bahati nasibu katika kundi la kupasuliwa mapema na kundi la kusubiri miezi kadhaa, kisha hali zao zikalinganishwa kabla kundi la pili halijapasuliwa. Matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha kuwa waliopasuliwa walikuwa na hali bora ya nafsi na ya maisha. Nchini Finland, Saariniemi na wenzake (2008) waliwagawa wanawake 82 kati ya upasuaji na tiba isiyo ya kisu, nao wakaona nafuu kubwa upande wa upasuaji baada ya miezi sita. Majaribio hayo ni madogo na ufuatiliaji wake ni mfupi, lakini yaliifuta hoja kuwa nafuu ilikuwa ni masimulizi ya walioridhika tu.

Kupona, jambo lililochelewa

Swali la wiki za baada ya upasuaji lilipata watafiti wachache kuliko swali la mbinu, na kwa sehemu kubwa taratibu za wodini zilirithiwa badala ya kupimwa. Mfano mzuri ni mrija wa kutolea damu na majimaji, uliowekwa kwa kila mgonjwa kwa imani kuwa huzuia damu kuvilia. Mwaka 2005 Collis na wenzake walifanya jaribio la werevu: kwa wanawake 150, titi moja liliwekewa mrija na la pili halikuwekewa, hivyo kila mwanamke alikuwa mlinganisho wake mwenyewe. Mrija haukuonekana kuzuia damu kuvilia, na wagonjwa waliuona kuwa kero. Kuuacha kulimaanisha mgonjwa anaweza kurudi nyumbani mapema.

Kuhusu makovu, Norma Cruz-Korchin na Leo Korchin wa Puerto Rico walilinganisha kwa nasibu kiolezo cha Wise na njia ya mstari mmoja wima katika wanawake 208 (2003). Wale wa njia ya wima waliridhika zaidi na makovu yao, ingawa waliohitaji marekebisho ya baadaye walikuwa wengi zaidi miongoni mwao. Tatizo la kidonda kuachia mahali mistari ya nanga inapokutana, ambapo ngozi huvutwa zaidi na damu hufika kwa uchache, linajulikana kwa kila muuguzi wa wodi hizo. Huongezeka kwa wavutaji wa sigara na kwa wenye unene uliokithiri, na kwa kawaida hupona kwa kufungwa bandeji na subira.

Suala la kunyonyesha linaonyesha vizuri zaidi jinsi kundi linganishi linavyoweza kubadilisha jibu. Wasichana walikuwa wakiambiwa kuwa wakipasuliwa hawatanyonyesha. Utafiti mwingine wa Cruz-Korchin na Korchin (2004) uliwalinganisha waliopasuliwa kwa kikonyo cha upande wa ndani na wanawake wenye matiti makubwa ambao hawakuwahi kupasuliwa, na mafanikio ya kunyonyesha ya makundi hayo hayakutofautiana kwa kiasi cha kuzingatiwa. Tafiti za baadaye zimeeleza kinachoamua: ni kama nguzo ya tezi na mirija iliyo chini ya chuchu imeachwa nzima. Njia ya Thorek huikata yote. Kwa jamii ambamo mama asiyenyonyesha huulizwa maswali na kila ajaye kumpongeza, tofauti hiyo ya ufundi ni kubwa kuliko tofauti ya kovu, na inapaswa kuelezwa kabla ya msichana kutia sahihi.

Lugha ya dodoso

Mwaka 2009 Andrea Pusic, Anne Klassen na wenzao walichapisha BREAST-Q, dodoso lililotengenezwa mahususi kwa upasuaji wa matiti, likiwa na sehemu inayohusu kupunguza. Maswali yake hayakubuniwa na madaktari peke yao. Yalitokana na mahojiano na wanawake, yakachujwa kwa mbinu za kitakwimu ili majibu yaweze kusomwa kama kipimo. Yanahusu kuridhika na matiti, hali ya nafsi, maisha ya ndoa na mapenzi, na hali ya mwili, kabla na baada ya kisu.

Chombo kinachotegemea kauli ya mgonjwa kinategemea pia lugha ambayo kauli hiyo inatolewa, na hapa mtafiti atakayeuliza kwa Kiswahili ana kazi mbele yake. Wanawake wengi, kwa haya, husema kifua badala ya matiti. Lakini maumivu ya kifua, na hata neno kifua peke yake, humpeleka msikilizaji kwenye kikohozi, pumu au moyo. Neno ziwa ni la heshima na la kale, ila kwa vijana wengi wa mijini ziwa ni Victoria na Tanganyika. Mgongo hutajwa kwa ujumla wake, na asiyeulizwa kwa kuonyeshwa kidole hatatenganisha sehemu ya juu na kiuno, wakati katika orodha ya Kerrigan ya juu pekee ndiyo inayohesabiwa. Gumu kuliko yote ni ganzi. Neno hilo ni jina la dalili mojawapo kati ya zile 7, ni jina la kupotea kwa hisia za chuchu baada ya upasuaji, na ni jina la dawa ambayo mgonjwa alidungwa siku ya upasuaji wenyewe. Mwanamke anayejibu wiki ya pili kwamba ganzi imeisha anaweza kuwa anazungumzia lolote kati ya mambo hayo matatu.